Kufuli tatu za sanduku: jinsi kipokezi cha kifo kinavyoifanya seli ipukutike

Swali: Shikamoo Daktari. Nafundisha Biolojia kidato cha tano na sita hapa Arusha. Wiki iliyopita niliwaeleza wanafunzi kwamba seli nyingi za mwili zina vipokezi vya kifo juu ya utando wake, na kwamba kipokezi kikiguswa na ligandi yake, yaani molekuli inayokishika, seli inajiua. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtu mwenye akili zake anaweka swichi ya kujiulia nje ya nyumba, kila mpita njia aibonyeze?" Darasa likacheka, mimi nikakosa la kusema. Naomba unisaidie. Inakuwaje hasa, kuanzia kipokezi mpaka seli kufa? Mbona hazifi zote? Na kama swichi iko nje, kwa nini tusiibonyeze kwenye saratani? La mwisho, kwenye notisi zangu nimeandika kwamba Fas, mojawapo ya vipokezi hivyo, ndiyo inayotenganisha vidole vya mtoto akiwa bado tumboni. Ni sahihi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mpe huyo binti hongera zangu. Kosa si lake, ni la hilo neno "swichi", ambalo hata mimi nililitumia miaka mingi mbele ya wanafunzi wa udaktari kabla sijalitupa. Swichi inabonyezwa na mtu mmoja kwa kidole kimoja, taa ikazimika, basi. Kipokezi cha kifo hakiendi hivyo. Chenyewe hakiui kitu. Kinachofanya ni kuitisha kikao, na seli itakufa au haitakufa kutegemea nani amefika kikaoni na nani ametumwa kukivunja.

Mfano ninaoutumia siku hizi nimeutoa kwenye kikoba chetu cha Pasua, hapa Moshi. Sanduku letu la fedha lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa akina mama watatu wasiokaa nyumba moja. Jumamosi moja mshika ufunguo wa pili alikuwa msibani Marangu. Tulikaa watu zaidi ya ishirini tunalitazama sanduku, mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, daftari liko wazi, na hakuna aliyeweza kutoa hata shilingi mia. Mwambie binti wako kwamba hiyo ndiyo "swichi" iliyoko nje ya seli. Iko nje kweli, kila mpita njia anaiona, lakini mpita njia hana funguo tatu.

Tuchukue Fas, maana ndiyo inayoeleweka vizuri kuliko ndugu zake. Ni protini inayotoboa utando wa seli mara moja tu: kichwa nje, mkia ndani. Kichwa ndicho kinachopokea ligandi. Mkiani kuna kipande cha amino asidi zipatazo 80 kinachoitwa kikoa cha kifo, na hicho ndicho kinachoupa ukoo mzima jina lake. Ligandi ya Fas, ambayo mara nyingi imebebwa juu ya seli T ya kinga, haiji peke yake, huja ikiwa tatu zilizoshikana. Kwa hiyo inakamata Fas tatu kwa pamoja. Na hata hizo tatu hazitoshi: majaribio yameonyesha kwamba zinahitajika angalau seti mbili za tatu-tatu zilizokaa jirani ndipo ujumbe upenye ndani vizuri. Tena ligandi ikikatwa kutoka kwenye seli iliyoibeba na kuanza kuelea kwenye majimaji ya mwili, inapoteza karibu nguvu zake zote za kuua. Wanatakiwa kukutana uso kwa uso, utando kwa utando. Barua haitoshi, lazima mjumbe afike mwenyewe.

Hapa nina zawadi kwa somo lako la urithi, na pengine hata kwa mwenzako wa Hisabati. Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti, moja Marekani na jingine Ufaransa, yalionyesha kwamba kuna watoto wanaozaliwa na jeni ya Fas iliyoharibika. Tezi zao za shingoni na kwapani huvimba miezi na miezi bila maambukizi, bandama inakuwa kubwa, na kinga yao inaanza kushambulia damu yao wenyewe, kwa sababu seli za kinga ambazo zingepaswa kuondolewa hazikuondolewa. Kwetu, mtoto mwenye tezi zilizovimba daktari anawaza kwanza TB, VVU na limfoma, na anawaza sawasawa, maana ugonjwa huu ni wa nadra sana. Cha ajabu ni kwamba wengi wa watoto hao wana nakala moja tu mbovu, nyingine waliyorithi ni nzima kabisa. Ungetegemea nusu ya Fas zao zifanye kazi na mambo yaende. Lakini rudi kwenye sanduku. Kama nusu ya Fas zilizoko kwenye utando ni mbovu, na zinakusanywa tatu-tatu bila kuchagua, uwezekano wa kupata tatu zote nzima ni nusu mara nusu mara nusu. Moja ya nane. Makundi saba kati ya nane yana angalau ufunguo mmoja usioingia. Ndiyo maana nakala moja mbovu inatosha kumwangusha mtoto. Waachie wanafunzi waikokotoe wenyewe ubaoni, wataikumbuka mpaka uzeeni.

Sasa tuingie ndani.

Fas zikishakusanyika, mikia yao inabadilika umbo na kuwa na mahali pa kushikilia. Protini moja ya ndani, FADD, inakuja kujipachika. FADD ina ncha mbili: ncha moja ina kikoa cha kifo kama kile cha Fas, na viwili hivyo hukamatana kama zipu, ncha ya pili inakamata protini nyingine iliyolala, kaspasi-8. Kaspasi ni vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, na havikati ovyo, hukata mara tu baada ya amino asidi inayoitwa aspateti. Kaspasi-8 hutengenezwa ikiwa imelala, tena ikiwa mojamoja, na ikiwa mojamoja haina madhara. Hakuna mtu anayeiamsha kwa ufunguo wala kwa nishati ya ATP. Kinachoiamsha ni kubanana. FADD ikizileta kaspasi-8 kadhaa mahali pamoja, zinashikana kwa minyororo, zinaungana mbilimbili, na zikiungana tu zinaamka na kuanza kukatana zenyewe mpaka zinakuwa mikasi kamili. Mkusanyiko huo wote, Fas na FADD na kaspasi-8, watafiti huuita DISC. Uliona ninachosema kuhusu kikao? Wajumbe wote walikuwemo ndani ya seli tangu asubuhi. Kilichokosekana ni wao kukaa meza moja.

Kaspasi-8 ikishaamka inakata kaspasi-3, ambayo ndiyo mchinjaji wa kweli. Kaspasi-3 ina orodha ya mamia ya protini za kukata. Moja nitakuonyesha kwa karibu kwa sababu inapendeza. Seli ina kimeng'enya cha kukatakata DNA, jina lake CAD, lakini muda wote wa maisha yake kimefungwa mdomo na mlinzi wake, ICAD. Kaspasi-3 inamkata mlinzi. CAD inaachiwa, inaingia kwenye kiini na kukata DNA pale ilipo wazi, yaani kati ya vifundo vya protini ambavyo DNA imejizungushia. Kwa kuwa vifundo hivyo vimepangwa kwa umbali unaofanana, vipande vinavyotoka vina urefu wa jozi za besi 180 hivi, au mara mbili yake, au mara tatu. Ukivipitisha kwenye jeli ya maabara vinajipanga kama ngazi. Mara ya kwanza kuiona ngazi hiyo nilikuwa mwanafunzi, na nilidhani nimeharibu jeli.

Wakati huo huo utando unaanza kutoa malengelenge. Seli inasinyaa, inajigawa vifurushi vidogovidogo vilivyofungwa vizuri, kila kimoja na utando wake. Na kuna mafuta fulani, fosfatidilserini, ambayo kwenye seli hai hukaa upande wa ndani wa utando tu. Kaspasi zinakata protini inayoitwa Xkr8, na mafuta hayo yanageuzwa yakatokea nje. Kwa makrofeji, seli zinazozoa taka mwilini, hiyo ni alama ya "nimeze". Zinameza. Hakuna kilichomwagika, hakuna usaha, jirani hajui. Kama unapenda kuwapa wanafunzi jina la mtu mmoja wa kulifuatilia, wape Shigekazu Nagata wa Japani: kundi lake lilitenga jeni ya Fas mwaka 1991 na ligandi yake mwaka 1993, likaeleza CAD na ICAD mwaka 1998, na mwaka 2013 likaitaja Xkr8. Alianzia mlangoni akaishia kwa mzoa taka.

Kwa njia, kuhusu jina. Neno apoptosi, jina la kitaalamu la kifo hiki, lilipendekezwa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliokuwa wakifanya kazi Aberdeen, Uskochi. Walimwendea profesa wa Kigiriki wa chuo chao, James Cormack, naye akawapa neno la Kigiriki la majani au petali kudondoka kutoka kwenye mti. Sisi hatukuhitaji kwenda kwa profesa: tunalo kupukutika. Mwezi wa kumi pita tu chini ya mijakaranda ya Arusha uone. Ua linaachia likiwa zima, barabara inakuwa ya zambarau, na mti hautoi utomvu hata tone. Hiyo ndiyo tofauti na nekrosi, ambapo seli inapasuka na kumwaga vilivyomo, kama tawi lililovunjwa na lori. Mimi darasani nasema "seli imepukutika" na hakuna anayeuliza maana yake.

Kazi yangu ni kukaa kwenye hadubini, kwa hiyo acha nikueleze inavyoonekana. Kipande cha ini chenye homa ya ini ya virusi, kilichopakwa rangi zetu mbili za kawaida, kinaonyesha seli za ini zilizopangwa safu, kila moja kubwa, yenye kiini cha mviringo kilichotulia. Halafu katikati ya safu unakuta moja imejivuta mbali na wenzake kama mtu aliyenuna. Imesinyaa, imekuwa ya waridi iliyokolea, kiini chake kimekuwa tonge jeusi au punje mbilitatu, na kuizunguka kuna duara jeupe la uwazi. Wataalamu wa zamani waliita vitu hivi miili ya Councilman, kwa jina la daktari wa Marekani aliyevieleza kwenye maini ya homa ya manjano, miongo mingi kabla neno apoptosi halijazaliwa. Seli hiyo ya waridi kwa kawaida imebishiwa hodi na seli T iliyoona dalili za virusi. Seli T ina njia mbili za kuua: moja ni hii ya ligandi ya Fas, nyingine ni kutoboa utando na kuingiza vimeng'enya vyake moja kwa moja. Kwa jicho huwezi kujua ni ipi iliyotumika. Zote zinaishia kwenye kaspasi-3, na maiti zinafanana.

Hapo ndipo lilipo jibu la "kwa nini iwe nje?". Seli iliyotekwa na virusi si ya kuaminiwa kujihukumu. Virusi vikishaingia vinashika vyombo vya ndani na kuvizima. Mwili unahitaji namna ya mtu wa nje, aliyetumwa na kinga, kufika na kusema imetosha. Virusi wanalijua hilo. Umewahi kuona watoto wenye vijipele vidogo vya kung'aa vyenye kishimo katikati, vinavyokaa miezi bila wekundu wowote? Huo ni moluska wa ngozi, na huwa mkali kwa wenye VVU. Virusi vyake vina protini iliyoiga umbo la wajumbe wa kikao: inakwenda kukaa kwenye kiti cha kaspasi-8, na mikasi haikunjuki. Kirusi asingehangaika kubeba jeni ya kuziba mlango kama mlango haukuwa na maana.

Sasa swali lako la pili, mbona hazifi zote. Jibu ni kwamba protini hiyo ya virusi inafanana na moja tuliyonayo sisi wenyewe. Inaitwa FLIP. Kwa umbo ni pacha wa kaspasi-8, ila haina meno. FLIP nyingi ndani ya seli maana yake viti vya kikao vimekaliwa na watu wasiopiga kura. Seli yenye FLIP nyingi unaweza kuiwekea ligandi mchana kutwa ikakutazama tu. Seli T iliyoamshwa leo kupambana na maambukizi hustahimili Fas. Siku kadhaa baadaye, kama imechochewa tena na tena, inakuwa tayari kufa, na Fas zake zilikuwepo muda wote huo.

Kisha kuna tofauti ya tishu na tishu. Kuna seli, kama zile za tezi ya thaimasi, ambazo kaspasi-8 inayoamka mlangoni inatosha kumwamsha mchinjaji moja kwa moja. Lakini seli za ini na nyingine nyingi zina kizuizi kiitwacho XIAP kinachomshika kaspasi-3 mkono hata akiwa ameshaamka. Humo kaspasi-8 inalazimika kuzunguka: inakata protini iitwayo Bid, kipande chake kinakwenda mitokondria na kuwaita Bax na Bak, ambao wanatoboa ukuta wa nje wa mitokondria. Vinavuja vitu viwili vya maana. Kimoja ni sitokromu c, ambayo wanafunzi wako wanaijua kama mbeba elektroni wa upumuaji, na ambayo ikiwa nje ya mitokondria inaamsha kaspasi-9. Kingine ni Smac, anayemng'oa XIAP. Ushahidi ulipatikana kwa panya mwaka 1999: panya wa kawaida akidungwa kingamwili inayozikusanya Fas, ini lake linakwisha, panya asiye na Bid anaishi. Kwa seli ya ini, kikao cha mlangoni kinahitaji kibali cha ofisi ya pili.

Na hata seli zilizo sawa kabisa hazifanani. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi ambayo naipenda sana. Walichukua seli za HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabarani, wakaziwekea TRAIL, ambayo ni ligandi nyingine ya ukoo huu, dozi moja, bakuli moja, wakazipiga filamu. Kila kaspasi-3 ilipoachiwa, seli ilikwisha haraka. Ila muda wa kusubiri kabla ya hapo ulitofautiana kwa saa nyingi, na nyingine hazikufa kabisa. Walipowatazama madada, yaani seli mbili zilizotoka kwenye seli moja iliyogawanyika muda mfupi uliopita, walikuta wanakufa karibu kwa wakati mmoja. Kadiri muda ulivyopita tangu kugawanyika, kufanana kulipotea. DNA yao ni moja. Kilichotofautiana ni akiba ya protini alizogawiwa kila mmoja, FLIP kiasi gani, Bid kiasi gani, XIAP kiasi gani, na akiba hiyo inapanda na kushuka. Kwa hiyo darasani usiseme "kipokezi kikiguswa seli inakufa". Sema kipokezi kikiguswa kikao kinaitishwa.

Kuna ndugu mmoja wa Fas ambaye lazima nimtaje kwa sababu jina lake linapotosha. TNF, kwa tafsiri, ni kisababishi cha nekrosi ya uvimbe. Jina lilitoka New York mwaka 1975, kwa Lloyd Old na wenzake: walichoma panya BCG, ile ile inayoacha kovu begani kwa watoto wetu, kisha wakawapa sumu ya bakteria, na damu ya panya hao ikaozesha uvimbe wa saratani kwa panya wengine. Ungedhani ni mwuaji. Lakini kipokezi cha TNF kikikusanyika, kikao cha kwanza kinachokaa chini ya utando si cha kifo. Kinaamsha protini iitwayo NF-kB, ambayo inakwenda kwenye kiini na kuagiza jeni za uvimbe wa kinga na za kuokoa seli, FLIP ikiwemo. Ni pale tu agizo hilo linapokwama ndipo kikao cha pili, chenye FADD na kaspasi-8, kinapokaa ndani zaidi ya seli. Kwa kawaida TNF inaita majeshi, haiui. Kwetu hili si la vitabuni: TNF ni sehemu ya kinachoshikilia ile ngome ya seli inayozunguka bakteria wa TB mapafuni. Dawa za kisasa za baridi yabisi zinazozuia TNF zilipoanza kutumika, ilionekana wazi kufikia mwaka 2001 kwamba TB iliyolala inaamka. Mgonjwa wa hapa kwetu anayepewa dawa hizo bila kupimwa TB kwanza anachezewa.

Niongeze moja upesi, ili mwanafunzi mjanja asikukamate. Atauliza: nikizuia kaspasi-8, seli itapona? Si lazima. Kaspasi-8 muda wote inakuwa pia imezikata makali protini mbili, RIPK1 na RIPK3. Ikizuiwa, hao wawili wanaweza kumwamsha MLKL, anayetoboa utando wa seli, nayo inapasuka na kumwaga kila kitu. Huko kunaitwa nekroptosi. Panya wasio na kaspasi-8 hufia tumboni. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba ukiwaondolea na RIPK3, wanazaliwa.

Saratani sasa. Wazo lako la kuibonyeza swichi walilipata wengi, na lilijaribiwa mapema. Mwaka 1993 panya walidungwa kingamwili ya kuzikusanya Fas, wakafa ndani ya saa chache, maini yameharibika. Ini limejaa Fas, na ukiitisha kikao mwili mzima hujui kitaanzia wapi. Mlango wa Fas ukafungwa hapo. Matumaini yakahamia TRAIL, kwa kuwa maabarani iliziua seli nyingi za saratani na kuziacha nyingi za kawaida. Wagonjwa walipewa, walistahimili vizuri, lakini kwa jumla hawakuishi muda mrefu zaidi. Sababu unazijua sasa bila mimi kukwambia: seli za saratani zilizosalia ni zile zenye FLIP nyingi, XIAP nyingi, au kipokezi kilichopungua. Zipo pia zenye vipokezi bandia, vyenye kichwa cha kushika ligandi lakini mkia hauna kikoa cha kifo. Ligandi inashikwa, ndani hakuna anayesikia. Na dawa yenyewe ilikaa muda mfupi kwenye damu na haikuweza kukusanya vipokezi kama inavyofanya seli hai iliyokuja uso kwa uso. Tatizo halikuwa ligandi peke yake.

Ukitaka wanafunzi waone kupukutika ndani ya saratani yenyewe, waonyeshe picha ya limfoma ya Burkitt, ugonjwa wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, jirani zetu hapa. Chini ya hadubini ni giza: seli za bluu zilizokolea, zimebanana, zinagawanyika kwa kasi kuliko karibu saratani yoyote. Na katikati ya giza hilo kuna madoa meupe, moja hapa, moja kule, kama usiku usio na mwezi ukiwa kijijini mbali na taa za mji. Wataalamu huiita anga yenye nyota. Ongeza ukuzaji uisogelee nyota moja. Utakuta ni makrofeji, kubwa, yenye mwili mweupe uliotanda, na tumboni mwake kuna punje nyeusi tano, sita, saba. Hizo ni seli za saratani zilizopukutika na kumezwa. Si lazima zilikufa kupitia vipokezi vya kifo, wengi wa hawa huuawa kutoka ndani na msukumo wa myc, jeni inayoihimiza seli igawanyike. Lakini zinafia mikononi mwa mzoa taka yule yule, na uvimbe unaendelea kukua kwa sababu wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaokufa.

Vidole, basi, nimeviacha mwisho kwa sababu hapo nina kusahihisha. Ni kweli kwamba mkono wa kiinitete huanza kama kafi, na seli za kati ya vidole hupukutika. Ila Fas haihusiki kwa namna uliyoandika. Panya waliozaliwa bila Fas inayofanya kazi wana tezi kubwa na kinga iliyovurugika, lakini vidole vyao vimeachana vizuri tu. Panya walioondolewa Bax na Bak kwa pamoja, wale watoboaji wa mitokondria, wengi walikufa mapema, na wachache waliokua, mwaka 2000, walikutwa na utando kati ya vidole kama wa bata. Amri ya vidole inatoka kwenye protini za ukuaji ziitwazo BMP na inapitia mitokondria. Kwenye notisi futa Fas, andika Bax na Bak.